Kwa nini Air America ilikufa na Limbaugh akatajirika? Tunaomba ushauri kabla hatujaunganisha redio zetu

#1 Mkulima wa Sauti

Wakuu, salaam. Sisi ni watu wanne wenye hisa ndogo katika vituo vitatu vya redio za wilaya huku Nyanda za Juu Kusini, na kwa miezi kadhaa tumekuwa tukijadiliana iwapo tuunganishe vipindi vyetu vya mazungumzo vya asubuhi na jioni, ili mtangazaji mmoja asikike katika vituo vyote vitatu na matangazo yauzwe kwa pamoja. Mwenzetu aliyesoma Marekani anatuonya kwa mfano wa Air America, mtandao wa redio za mazungumzo wa mrengo wa kushoto ulioanza tarehe 31 Machi 2004 kwa mbwembwe kubwa, ukaomba ulinzi wa mahakama dhidi ya wadai wake Oktoba 2006, kisha ukanyamaza kabisa Januari 2010. Katika miaka hiyo hiyo Rush Limbaugh, mtangazaji wa mazungumzo wa mrengo wa kulia, alisaini mkataba uliotajwa kuwa wa dola milioni 400 hivi.

Dai langu ni kwamba tofauti yao ilikuwa wasikilizaji. Watu wa upande mmoja walipenda redio ya mabishano, wa upande wa pili hawakuipenda. Ikiwa ni hivyo, basi sisi hatuna la kuogopa, kwa kuwa watu wa huku mabishano wanayapenda kupita kiasi. Nani anapinga?

#2 Mhasibu wa Nakuru

Napinga mimi. Air America iliugua fedha kabla ya kuugua wasikilizaji. Ilipokuwa ikianza, watu waliaminishwa kwamba kuna mtaji wa takriban dola milioni 30, kumbe zilizokuwapo kwa hakika zilikuwa kama milioni 6. Mwenyekiti wake wa mwanzo, Evan Cohen, aliondoka Mei 2004, yaani kabla mtoto hajatimiza hata arobaini mbili. Mwaka 2005 likazuka suala la mikopo ya dola 875,000 iliyotoka katika klabu ya kusaidia watoto na vijana ya Bronx iitwayo Gloria Wise, fedha ambazo wamiliki waliofuata walikubali kuzirejesha. Kampuni inayoanza namna hiyo ingekufa hata kama ingekuwa inauza maji jangwani.

#3 Teksi ya Chicago

Ninathibitisha aliyoyasema #2 kwa masikio yangu. Mwaka 2004 nilikuwa naendesha teksi Chicago, na redio ndiyo iliyokuwa abiria wangu wa kudumu. Nilianza kuwasikiliza wiki ya kwanza, nikazoea sauti zao, nikawa hata nawatajia abiria. Baada ya wiki mbili nikafungua masafa yale yale asubuhi nikakuta watu wengine kabisa wanaongea mambo mengine kabisa. Nilidhani redio ya gari imeharibika. Baadaye nikasoma kwamba kampuni iliyokuwa ikiwakodisha vituo vya Chicago na Los Angeles ilikuwa imewakatia matangazo kwa madai kwamba hundi ilirudi na deni limekua, wakati wao walisema mwenye vituo ndiye aliyevunja mkataba. Mimi msikilizaji sikujua nani mkweli. Nilichojua ni kwamba sauti niliyoizoea haipo, na nilihamia kituo cha michezo ambacho sikukihama tena.

#4 Binti Mawimbi

Nimeuza matangazo ya redio Mwanza kwa miaka tisa, na naona uzi huu unaanza kuchanganya biashara mbili ambazo zinafanana kwa sauti tu.

Kipindi cha Limbaugh kilipoanza kusambazwa kitaifa mwaka 1988, kituo cha mji mdogo kilikipata kwa kutoa dakika zake badala ya fedha. Kituo kilipewa saa kadhaa za kipindi kinachosikilizwa, nacho kikaacha dakika kadhaa ndani ya kila saa ziuzwe na wasambazaji kwa wateja wa nchi nzima, huku dakika zilizobaki kikiziuza chenyewe kwa muuza magari na mwenye duka la samani wa hapo hapo mjini. Mwenye kituo hakuajiri mtangazaji wa mchana wala mtayarishaji. Alipata kipindi, akapata na cha kuuza. Baadaye kipindi kilipokuwa kikubwa, vituo vikubwa vilianza kulipa ada juu yake.

Air America, katika miji muhimu, ilifanya kinyume chake, kwani ilikodi muda wa hewani. Ilimlipa mwenye kituo kila mwezi, iuze au isiuze. Kwa hiyo mmoja alikaribishwa sebuleni na mwingine alipanga chumba, na mpangaji asipolipa kodi yamemkuta aliyoyashuhudia ndugu yetu #3.

Swali langu kwa mwanzilishi wa uzi ni moja tu: je, ninyi mtakaribishwa au mtapanga?

#5 Mkulima wa Sauti

Dada #4, asante. Vituo ni vya kwetu kwa sehemu, kwa hiyo nadhani hatupangi. Ila umenifanya nifikiri.

#6 Fundi Mnara

Kwanza ninyooshe jambo ambalo kila mara hukosewa katika mijadala hii: Limbaugh hakubuniwa na Clear Channel, ile kampuni kubwa ya vituo vya redio. Aliyemsambaza tangu Agosti 1988 alikuwa Ed McLaughlin kupitia kampuni yake ndogo ya EFM Media, na mchakato wa makampuni makubwa kumeza madogo ulikuja baadaye, hasa baada ya sheria ya mawasiliano ya mwaka 1996 kuondoa kikomo cha idadi ya vituo ambavyo kampuni moja inaweza kumiliki nchi nzima. Miaka minane ya mwanzo kipindi kilikua kwa kubisha hodi kituo baada ya kituo.

Pili, mnazungumza kana kwamba masafa yote ni sawa. Redio ya mazungumzo Marekani ilikaa kwenye AM, yaani masafa ya kati, kwa sababu muziki ulihamia FM na kuwaachia nyumba tupu. Mawimbi ya AM yana tabia ya kusafiri mbali usiku, kwa hiyo vituo vingi hulazimika kupunguza nguvu jua linapozama ili visiwaingilie wengine. Vile vyenye nguvu kubwa na nafasi nzuri kwenye safu ya masafa vilikuwa vimeshachukuliwa na waliotangulia. Aliyekuja mwaka 2004 alipata mabaki. Unaweza kuwa na mchekeshaji bora duniani, lakini kama sauti yake inafika kwa mikwaruzo akiwa nyuma ya ghorofa, biashara hakuna.

#7 Kaka wa Portland

Mwanzilishi, dai lako la #1 lina tundu kubwa, nalo linaitwa KPOJ. Nilisoma Portland, Oregon. Kituo hicho cha AM 620 kilikuwa mali ya Clear Channel yenyewe, kikabadilishwa mwaka 2004 kuwa cha mazungumzo ya mrengo wa kushoto, kikabeba vipindi vya Air America, na wasikilizaji wakaongezeka kwa kiasi kilichowashangaza hata wamiliki. Kilikuwa na masafa mazuri, mji unaokubaliana na maneno yake, na kipindi cha asubuhi cha wenyeji kilichojua daraja gani limefungwa. Kwa hiyo wasikilizaji walikuwapo.

#8 Mkulima wa Sauti

Na kiko wapi sasa?

#9 Kaka wa Portland

Kiligeuzwa kuwa cha michezo Novemba 2012. Watu walilalamika sana. Nakubali kwamba jibu hili halinisaidii.

#10 Wakili Mstaafu

Ndugu zangu, hamjagusa sheria. Hadi mwaka 1987 Marekani ilikuwa na kanuni ya usawa katika utangazaji, iliyovitaka vituo kugusa masuala yenye utata na kutoa nafasi kwa mitazamo inayopingana. Wengi huiita sheria ya Bunge, lakini ilikuwa sera ya tume ya mawasiliano, FCC, tangu mwaka 1949. Bunge lilipitisha muswada wa kuifanya sheria, Rais Reagan akaukataa Juni 1987, na miezi miwili baadaye tume ikaiondoa. Mwaka mmoja tu kisha Limbaugh akaingia hewani kitaifa. Chini ya kanuni ya zamani, mwenye kituo aliyerusha saa tatu za mtu mmoja kila siku angekuwa na mashaka na leseni yake. Kwa mtazamo wangu aliyewahi shamba likiwa tupu ndiye aliyevuna, na waliokuja miaka 16 baadaye walikuta mipaka imeshawekwa.

#11 Binti Mawimbi

Mzee wangu #10, shikamoo. Nakubali kwamba kuwahi kulisaidia, lakini wapo waliochelewa wakafanikiwa. Ed Schultz, mtangazaji wa mrengo wa kushoto, alianza kusambazwa kitaifa Januari 2004, miezi michache kabla ya Air America, akitokea Fargo, Dakota Kaskazini.

#12 Sikio la Tatu

Huyo si alikuwa wa Air America?

#13 Fundi Mnara

Hapana. Baadhi ya vituo vilivyobeba Air America vilimbeba na yeye, ndiyo maana watu huchanganya, ila msambazaji wake alikuwa Jones Radio Networks. Na tofauti hiyo ndiyo hoja ya #11, kwa kuwa yeye alikuwa mtu wa redio kwa miaka mingi, alisambazwa kwa ule mtindo wa kukaribishwa sebuleni, wala hakubebeshwa gharama za mtandao unaojaza ratiba nzima.

#14 Mtayarishaji wa Usiku

Hapa ndipo penye nafsi ya jambo, na nashangaa imechukua machapisho 13 kufika. Air America ilianza na wachekeshaji na waigizaji: Al Franken, Janeane Garofalo, Marc Maron. Watu wenye vipaji, sina ubishi. Lakini kuongea saa tatu kila siku, Jumatatu hadi Ijumaa, habari ikiwapo au isiwepo, ni kazi ya kipekee kama ulivyo ufundi wa kuchonga mlango. Nimekaa chumba cha mitambo nikamwona mtu maarufu mwenye maneno mengi barazani akiishiwa dakika ya kumi na mbili, akinitazama kupitia kioo kama mtu anayezama, huku simu hazilii na tangazo linalofuata liko mbali. Randi Rhodes, mwenzao kwenye mtandao huo, alikuwa na uzoefu wa redio, na alisikika hivyo.

Kisha kuna adhabu ya pili. Ukimlea anayeweza, anaondoka. Franken aliaga Februari 2007 akagombee useneti wa Minnesota, na akaupata. Rachel Maddow alipatia jina hapo, na mwaka 2008 akapewa kipindi chake kwenye televisheni ya MSNBC. Mtandao ulilipa karo, wengine wakapokea mhitimu.

#15 Sikio la Tatu

#14 umenikumbusha kipindi kimoja cha hapa kwetu ambacho wapiga simu ni wale wale watano. Ukisikia "mimi ni msikilizaji wako wa siku nyingi" unajua ni Mzee wa Stendi, na kabla hajamaliza unajua anayefuata ni hasimu wake. Nadhani mtangazaji akiugua wanaweza kuendesha wenyewe.

#16 Mtayarishaji wa Usiku

Usiwacheke, hao ndio mtaji. Kwenye kituo changu tuna daftari la majina yao na siku zao za hasira.

#17 Mukama wa Jinja

Nawasalimu kutoka Uganda, na Kiswahili changu mnivumilie. Mnatafuta mfano mbali wakati jirani upo. Kuanzia mwaka 2000 hivi, kituo cha Radio One mjini Kampala kilirusha Ekimeeza, mjadala uliofanyika baani, Club Obbligato, watu wakiwa wamekaa na vinywaji vyao, wanapanga foleni ya kuongea. Ifikirieni kibiashara. Waongeaji hawalipwi, studio ni meza, na mwenye baa anafurahi kwa sababu bia inatoka. Vituo vingine vikaiga kwa Kiganda, na CBS, redio ya ufalme wa Buganda, ikawa na mjadala wake. Sijawahi kuona redio ya mazungumzo yenye gharama ndogo kama ile na wasikilizaji wengi kama wale.

Septemba 2009 zikatokea ghasia za Buganda, Serikali ikavifunga vituo vinne na mijadala ya hadhara ikapigwa marufuku. CBS ilirudi hewani Oktoba 2010. Kwa hiyo mimi napingana na wote: mnahesabu mtaji, masafa na vipaji, lakini gharama kubwa kuliko zote haimo katika hesabu zenu, nayo ni siku ambayo mtu mmoja mwenye kipaza sauti anasema sentensi moja, na kampuni nzima inakaa nje kwa mwaka.

#18 Wakili Mstaafu

#17 amesema kweli, na si Uganda pekee. Agosti 2016 Radio Five ya Arusha na Magic FM ya Dar es Salaam zilifungiwa kwa muda kwa sababu ya maneno ya kwenye vipindi. Ndugu mwanzilishi aelewe kwamba akiunganisha vituo vitatu, sentensi moja inahatarisha leseni tatu. Mashine ya kuchelewesha sauti kwa sekunde chache, ili mtayarishaji awahi kukata, iwe kifaa cha kwanza kununuliwa. Viti vya wageni vinaweza kusubiri.

#19 Binti Mawimbi

Niongeze upande wa wateja, kwa kuwa hofu hii haikai serikalini tu. Oktoba 2006 ulivuja waraka wa ndani wa mtandao wa redio wa ABC ulioorodhesha wateja wapatao 90 ambao hawakutaka matangazo yao yasikike wakati wa vipindi vya Air America, na majina makubwa yalikuwamo. Mteja hakuwa anachukia siasa zao. Mwenye sabuni hataki sabuni yake ikae jirani na matusi ya mtu yeyote. Kwangu mimi hii ndiyo sababu halisi ya kifo, na zilizotajwa juu ni homa tu.

#20 Mhasibu wa Nakuru

Dada, nakuheshimu, lakini tarehe zinakukataa. Waraka huo ulijulikana mwishoni mwa Oktoba 2006, na ombi la ulinzi dhidi ya wadai lilipelekwa mahakamani tarehe 13 mwezi huo huo. Isitoshe, Limbaugh naye alikimbiwa na wateja wengi mwaka 2012 baada ya kumtukana mwanafunzi wa sheria, na hakufa kibiashara.

#21 Binti Mawimbi

Waraka kujulikana Oktoba hakumaanishi hofu ilianza Oktoba. Na huyo wa pili hakufa kwa sababu alikuwa na vituo karibu 600 na akiba ya kustahimili njaa. Mgonjwa mnene na mgonjwa mwembamba hawafungi siku sawa.

#22 Teksi ya Chicago

Hapo #20 amepigwa chenga.

#23 Mhasibu wa Nakuru

Nimepigwa, lakini sijaanguka. Tazameni hao wanene wenyewe. Cumulus, kampuni nyingine kubwa ya redio ya Marekani, iliomba ulinzi wa mahakama Novemba 2017. iHeartMedia, ambayo ndiyo Clear Channel ya zamani, ikafuata Machi 2018 ikiwa na deni la zaidi ya dola bilioni 20, sehemu kubwa likiwa limetokana na kununuliwa kwa fedha za kukopa muongo mmoja nyuma. Walikuwa na vipindi vilivyoshinda, masafa mazuri na wateja. Deni halikusikiliza kipindi.

Na nieleze lililonipata mimi, ili msidhani naongea vitabu tu. Nilitunza hesabu za kituo kimoja huku Bonde la Ufa. Mteja mmoja mkubwa alituletea matangazo ya asubuhi Februari, tukayarusha yote, tukapeleka ankara na uthibitisho wa kila tangazo kurushwa, na fedha zikaingia Novemba. Katikati hapo kodi ya ongezeko la thamani, asilimia 16, inadaiwa ifikapo tarehe 20 ya mwezi unaofuata, ulipwe na mteja au usilipwe. Kwa hiyo tulikopa benki ili kulipa kodi juu ya fedha ambazo hatujaziona. Kwenye vitabu tulikuwa na faida. Mishahara ya mwezi wa Julai ililipwa Septemba, na mtangazaji wetu wa asubuhi, aliyekuwa ndiye kipindi chenyewe, alihamia kwa jirani na wapiga simu wake wote.

#24 Bibi Karibi

Naishi New York tangu miaka ya tisini, na kuna jambo mmelipita. Kituo walichokodi Air America hapa, WLIB, kilikuwa kikihudumia Wamarekani weusi na watu wa visiwa vya Karibi, kikiwa na mazungumzo yao na muziki wao. Siku ya uzinduzi magazeti yaliandika kuhusu sauti mpya, na majirani zangu wakaandika kuhusu sauti iliyoondolewa. Agosti 2006 mpangaji akahama, lakini wasikilizaji wa zamani walikuwa wameshatawanyika. Sikutaja hili ili kueleza kifo cha Air America. Nimelitaja kwa sababu mwanzilishi anataka kuweka mtangazaji mmoja mahali pa watatu, na hajatuambia wale wawili watakwenda wapi.

#25 Mkulima wa Sauti

Mama #24, swali lako ni zito na sina jibu safi. Wawili watabaki kama watangazaji wa habari za wilaya, au hivyo ndivyo tulivyowaahidi. Dai langu la #1 nalirudisha nusu: nakubali KPOJ inalipinga, lakini sijaona aliyeeleza kwa nini miji iliyofanana na Portland haikurudia matokeo yale.

#26 Fundi Mnara

Labda kwa sababu Portland ilikuwa na kipindi cha asubuhi cha wenyeji, kama alivyosema #7 na sote tukampita. Ila niulize la kifundi: mtaunganisha vipi vituo vitatu?

#27 Mkulima wa Sauti

Kwa intaneti, kutoka studio moja.

#28 Fundi Mnara

Basi nunueni laini mbili za kampuni mbili tofauti, na kila kituo kiwe na kompyuta inayoanza kupiga kipindi cha akiba yenyewe mara sauti inapokatika. Nimewahi kuitwa saa 12 na nusu asubuhi kituo kimoja kilipokuwa kimya kwa dakika 20. Umeme ulikuwapo kwenye mnara na haukuwapo studio, jenereta ilikuwa na mafuta na haikuwa na betri. Mdhamini wa kipindi alikuwa anasikiliza akiwa kwenye gari.

#29 Mtayarishaji wa Usiku

Huyo mdhamini aliendelea?

#30 Fundi Mnara

Aliendelea na safari.

#31 Binti Mawimbi

Narudi kwenye #4, kwa sababu mwanzilishi alijibu haraka mno. Mmesema vituo ni vya kwenu kwa sehemu. Chukueni saa moja kamili asubuhi, tangazo la kwanza baada ya habari, ambalo ndilo ghali kuliko yote. Mteja wa mbolea anataka wilaya zote tatu, na mwenye duka la vifaa vya ujenzi anataka wilaya moja tu na amelipia nafasi hiyo hiyo kwa miaka mitatu. Dakika ni moja. Ni ya nani?

#32 Mkulima wa Sauti

Dada, kikao chetu cha jana kilivunjikia hapo hapo. Wa kituo cha kwanza anasema ni ya mtandao, wa kituo cha pili anasema ni yake, na wa tatu amesema tumwache kwanza akazungumze na mwenye duka.